Kanda la Chumvi

Kwetu Mbuchi ardhi imelala chali. Ukitaka kuona mbali unapanda mnazi, na ukitaka kwenda mbali unaingia mtumbwini. Niliolewa, nikaachika, nikarudi kwa mama yangu, na muda wote huo mguu wangu ulikuwa haujakanyaga mahali palipoinuka kuliko paa la nyumba yetu. Nalisema mapema ili msomaji anihurumie kidogo huko mbele.

Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alitoka milimani, Umatumbi. Kaka alimpata kwenye safari za chumvi. Wanawake wa kwetu tulikuwa tukikwangua udongo wa chumvi pale mikoko inapoishia, tunauchuja, tunachemsha maji yake mpaka chumvi inabaki chini ya chungu. Wanaume wanaitia katika makanda, mifuko ya kusukwa kwa ukindu, wanaipandisha milimani, wanarudi na mtama, tumbaku na asali. Safari moja kaka akarudi na mke. Alikuwa mfupi, mwembamba, na maneno yake ya kuhesabika.

Sikumpenda. Kasia hajui kulishika, kaa anawaogopa, na nyuma ya nyumba, kwenye kichuguu kikubwa ambacho maji ya mafuriko hayakifikii, akalima mtama. Mtama, Mbuchi! Mahali ambapo mpunga unajiotea wenyewe! Kila mwaka akipanda vituta vyake vitatu nilikuwa nikimpigia kelele kutoka jikoni, "Wifi, umewapikia ndege leo?" Yeye akicheka kidogo, anaendelea kulima.

Siku moja alinieleza. Kwao mbegu anazitunza mwanamke mkubwa wa nyumba, zinaning'inia juu ya meko kwenye moshi. Binti akiolewa mbali anapewa mbegu za mama yake, naye sharti azipande kila mwaka, hata kama ni tuta moja, zisipotee. Nyumba ya mama ikiungua, mbegu ziko kwa binti. Na mbegu zikishakuwa mbegu si chakula tena, hata mtoto mdogo hapewi. Nikamwuliza nani ataiunguza nyumba ya mama yake. Nilikuwa na mdomo mrefu.

Vita vilipokuja, mimi sikuviona kwa macho yangu. Tulisikia watu wa milimani wameng'oa pamba ya Wajerumani, tukasikia wanakwenda Ngarambe makundi kwa makundi kuchukua dawa ya maji. Kaka zake wawili wifi walikwenda, wakanyunyiziwa, wakaenda vitani, hakurudi hata mmoja. Sitaki kusikia mtu akiwacheka. Wapo watu siku hizi, wameshiba, wanakaa barazani kuwacheka waliokufa kwa kuamini maji. Mimi huondoka pale, na mara nyingine huondoka baada ya kuwaambia ninachofikiri juu yao.

Mwaka wa pili askari wakabadili vita. Wakaacha kutafuta watu, wakatafuta ghala. Wanachoma nyumba, wanachoma ghala, wanakwenda zao, njaa inamalizia kazi. Kaka yangu alikuwa ameshakamatwa kubebeshwa mizigo ya askari, hatukujua yuko wapi. Ndipo akatokea mwanamke mmoja mkimbizi, miguu imevimba, akamwambia wifi: mama yako yu hai. Yumo pangoni na watu kadhaa, hataki kushuka. Nyumba imeungua na mbegu zote zilizokuwa juu ya meko. Mvua za kupandia zikipita bila punje kuingia ardhini, mwakani usiulizie mtu.

Wifi hakulia. Alikwenda jikoni kwake akashusha mtama wake wote kutoka kwenye moshi.

Mama yangu akasema asiende peke yake. Wanaume walikuwa hawawezi kupita, mwanamume akionekana njiani anapigwa risasi au anafungwa mzigo. Nikabaki mimi, sina mume, sina mtoto, nina mabega. Nikasema nitakwenda. Siwezi kusema ni kwa upendo. Nilitaka kuona huko juu kuna nini kilichomfanya mtu adharau wali.

Wifi alipukuchua mtama, akaugawa mafungu mawili. Fungu moja akalitia katika vibuyu viwili, akaviziba kwa nta. Akaniambia, "Wifi, vibuyu vimekwisha. Nitafutie kanda zuri, hili fungu jingine ubebe wewe."

Nikamchagulia lililo bora kuliko yote. Lilikuwa kanda la kaka la kupelekea chumvi, limesukwa likasukika, halivuji hata unga. Kwetu kanda la chumvi ndilo sanduku letu. Samaki wakavu humo, nguo za sikukuu humo, maana mdudu haingii. Nililikung'uta mgongoni, nikaligonga kwenye nguzo, nikatia mtama, nikashona mdomo kwa mkono wangu. Nilijiona nimefanya kazi ya kupigiwa mfano.

Jirani alituvusha kwa mtumbwi alfajiri, akatushusha bara mahali pasipo na watu, kwa sababu Mohoro kulikuwa na boma la Wajerumani na tulitaka kulizunguka kwa mbali. Tulikuwa na ng'onda sita, wale samaki wakavu, na unga wa mchele wa siku mbili. Siku mbili ndiyo safari yenyewe, alisema wifi, kwa njia kubwa.

Siku ya kwanza ilikuwa yangu. Nchi bado tambarare, nyasi zinatupita kichwa, nami natangulia kwa madaha, wifi nyuma. Adhuhuri mvua ikatushukia, ile ya mwanzo wa majira, nene, ya ghafla. Hatukuwa na pa kujificha. Tulitembea nayo mpaka ikachoka yenyewe, maji yanatoka kandani yananiteremka shingoni. Nikayalamba midomoni, nikaona yana chumvi, nikadhani ni jasho langu.

Jioni, jua bado lipo, tulifika kwenye kijito chini ya mlima wa kwanza. Nilikwenda kunawa. Nilipogeuka nilimwona wifi amefumua kona ya kanda langu, ametia mkono ndani mpaka kwenye kiwiko. Akatoa punje, akazitazama kiganjani, akazitia mdomoni. Akatafuna taratibu. Akatia mkono tena, chini zaidi, akatafuna tena. Halafu akakaa akiangalia mlima, muda mrefu.

"Wifi!" nikamwita. "Si weye uliyesema mbegu hailiwi?"

Akashtuka. "Nimeonja tu."

"Kuonja ndiyo kula kwa adabu. Mie mwenyewe nina njaa, mbona sijatia mkono?"

Akashona ile kona vizuri, akaniuliza kama nina nguvu za kupanda kesho. Nikamjibu kwamba nguvu ninazo, mbegu ndizo zinazopungua. Alipokea tusi lile kama mtu anayepokea kikombe cha maji.

Asubuhi akapanda juu ya jiwe kutazama njia kubwa, akashuka. Moshi. Askari walikuwa wamepiga kambi kwenye njia, pale pale tulipotakiwa kupita. "Tutapita mgongoni," akasema, yaani juu kabisa, kwenye migongo ya milima. Nikamwuliza siku ngapi. Akasema tatu, labda nne. Nikatazama ng'onda zetu, tatu zilizobaki.

Sasa nieleze mlima, kwa sababu ndiko nilikomjua mtu niliyekaa naye miaka minne jikoni.

Mimi nilipanda kama tunavyopanda ukingo wa mto, kwa kasi, kwa kifua, nimalize. Kabla ya kufika popote nilikuwa nimekaa chini, moyo unataka kutokea mdomoni. Wifi alikuja nyuma kwa vihatua vya kuku. Hakuongeza mwendo, hakupunguza. Palipoteleza aliweka mguu upande. Palipokuwa na mawe alijua lipi limekaa na lipi linadanganya, akanionyesha kwa kidole cha mguu. Mwendo ule ule mdogo ulinipita nikiwa nimekaa, ukanipita tena nikiwa nimekaa, mpaka nikaona aibu, nikaanza kukanyaga pale alipokanyaga yeye.

"Wifi," nikamwambia nikihema, "huko juu kuna nini jamani, mbinguni?"

"Kuna kushuka," akasema, "halafu kuna kupanda tena."

Na jambo jingine sitalisahau. Kwetu mtu akichoka anaweka mzigo chini, anakaa. Kule hakuna anayeweka mzigo chini, kwa sababu kuinua tena ndiko kunakoua. Kando ya njia, kila baada ya mpando mkali, pana mti wenye panda, pale matawi mawili yanapoachana, usawa wa kichwa cha mtu. Unasogea, unapinda magoti kidogo, mzigo unakaa pandani, unatoka chini yake ukiwa mwepesi. Ukishapumua unarudi chini yake, unanyooka, unakwenda. Panda zile zilikuwa zimelainika, zinang'aa, kwa mizigo ya watu waliopita tangu babu zao. Wifi alizijua zote. "Bado mti mmoja," alikuwa akiniambia, na nilitembea kwa ajili ya mti huo. Mahali pengine tulifika tukakuta mti umeungua pamoja na kijiji chake. Hapo aligeuka, akapanga miguu vizuri, akaniambia niegemeze kanda langu juu ya bega lake nipumzike. Yeye mwenyewe vibuyu vyake viko kichwani. Alisimama hivyo mpaka pumzi yangu ikarudi, kisha tukaendelea. Mtu mfupi, mwembamba, ambaye mama yangu aliuliza atabeba mtungi gani.

Nilimstaajabia, na nilimkasirikia. Yote mawili yanakaa katika kifua kimoja bila taabu. Kila nikimwona anavyopanda nilisema moyoni, huyu ndiye mwanamke. Halafu nakumbuka mkono wake ndani ya kanda langu.

Siku ya tatu chakula kikaisha. Tulikula kichwa cha ng'onda ya mwisho, tukagawana na miiba. Porini kulikuwa na ndiga, kile kiazi pori ambacho usipokiloweka siku kadhaa majini kinakuua, na sisi siku hizo hatukuwa nazo. Tulikunywa maji. Tulitafuna majani aliyoyajua yeye. Siku ya nne asubuhi miguu yangu ikagoma. Nilikuwa nimesimama kando ya panda ya mti, kanda liko mbele ya uso wangu, na harufu ya mtama inanijia puani.

"Wifi, konzi moja," nikasema. "Konzi moja tu, tugawane. Ardhi haitajua."

"Hapana."

"Mbona weye ulikula?"

Akanitazama. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Nadhani nilitaka aseme chochote, anitukane, agombane nami, tupate joto.

"Nilionja," akasema. "Sitaonja tena. Nawe usionje, wifi yangu. Nakuomba."

Kisha akafanya jambo lililonichoma. Alitoa kanda langu pandani akajitwisha yeye, akanipa mimi vile vibuyu viwili. Nilielewa haraka sana, kama kawaida yangu: ananinyang'anya chakula, haniamini. Kanda lilikuwa zito kwa maji liliyoyanywa, vibuyu ni vyepesi, lakini sikulitazama hilo. Nilipanda ule mpando wa mwisho nyuma yake nikimlaani kimya kimya, nikitazama visigino vyake vilivyopasuka, vinavyopanda, vinavyopanda.

Tulifika alasiri. Pango lilikuwa na mdomo mdogo uliozibwa na mizizi, ungeweza kupita ukidhani ni kivuli. Ndani walikuwamo kama watu kumi. Mama yake wifi alikuwa amekaa ukutani, na mwanzo sikumwona, nikadhani ni nguo imetundikwa. Nilipiga magoti nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akavitazama. "Huyu ametoka kwenye chumvi," akamwambia binti yake.

Wifi akaomba vibuyu. Nikampa. Akabandua nta, akammiminia mama yake kiganjani. Mtama ulikuwa mkavu, mwekundu, umejaa uhai. Watu wote pangoni walisogea kuutazama na hakuna aliyenyoosha mkono. Watu wamekauka, mbavu za kuhesabika, chakula kiko mbele yao, hakuna aliyenyoosha mkono. Mama akazirudisha punje moja moja. Akaniita na mimi binti yake, akasema mvua zikishika watapanda.

Ndipo nikavuta kanda langu kwa fahari nikaling'oa uzi. Nilitaka nami nionekane.

Mtama ulitoka umeshikana mabonge. Punje zilikuwa zimevimba kisha zikanyauka, rangi ya majivu, na juu yake ukungu mweupe mweupe. Nilijua ule weupe kabla sijaugusa. Nimezaliwa nao, nimeukwangua kwa mikono yangu tangu utoto. Mvua ya siku ya kwanza iliikamua ile chumvi yote iliyojificha ndani ya ukindu, ikaulowesha mtama humo siku nne. Punje iliyokunywa chumvi haioti. Hata sisi tusiojua kulima mtama tunalijua hilo, ndiyo maana kwetu kijani kinaishia pale chumvi inapoanzia.

Niliweka kichwa chini nikalia kwa sauti. Nusu ya mbegu za watu wale nimeziua mimi, kwa kanda langu zuri, nilizishonea mdomo kwa mkono wangu.

Mama akatia punje mdomoni. Akatafuna. Akamtazama binti yake, naye binti akainamisha macho, nikaelewa kwamba wanazungumza bila mimi.

"Huu umekufa," mama akasema. "Si mbegu tena."

"Ndiyo, mama."

"Basi ni chakula."

"Ndiyo, mama. Ni chakula."

Wakauleta kwenye jiwe la kusagia. Mwanamke mmoja akataka kuuosha kwanza, kupunguza chumvi, na mama akapaza sauti ambayo sikudhani anayo. "Msiuoshe! Tangu nyumba iungue sijaonja chumvi!" Mtu akacheka. Halafu wakacheka wote, na mimi nikiwa bado nalia. Wakakoka moto ndani kabisa, moshi usionekane nje, wakapika uji.

Nikamshika wifi mkono, nikamvuta pembeni.

"Ulijua," nikasema. "Pale kijitoni. Ulijua umekufa."

"Nilijua."

"Tangu siku ya kwanza! Tumetembea na njaa siku mbili, mie nakuomba konzi moja, nakutukana, na weye unajua ni chakula? Hakuna mbegu pale ya kuharibu! Kwa nini hukuniambia tule?"

Alikuwa amechoka kiasi kwamba maneno yalikuja moja moja.

"Mama hawezi kula mbegu iliyo hai. Angekaa na vibuyu vile miguuni mpaka afe. Nilikuwa nafikiri njia nzima tangu nyumbani, nitamlisha nini? Ukaniletea kanda." Akapumua. "Ningekuambia, tungekula, wifi. Si weye. Mie. Mie ningekuwa wa kwanza."

Nilikuwa nimebeba kanda lile nikiamini halina ruhusa, na imani ilinisaidia kubeba. Yeye alilibeba akijua ruhusa ipo, akijua hakuna hata mtu mmoja duniani wa kumlaumu, na aliacha nimwite mwizi ili tu nisijue. Nimeishi miaka mingi baada ya siku ile. Nimewaona watu wakisifiwa kwa mengi, kwa bunduki, kwa elimu, kwa safari za Maka. Nawasifu pamoja na wengine. Lakini moyoni huwaweka wote nyuma ya visigino vile.

Uji ulipoiva waligawa kwa vipande vya vibuyu. Mama yake alipata wa kwanza, akaunywa amefumba macho, kisha akapitisha kidole ndani akakilamba, akapitisha tena. Wifi alimtazama mpaka kidole kilipotoka kikavu. Hapo ndipo alipopokea wa kwake. Aliuinua, ukafika karibu na mdomo, na kichwa kikamwangukia ukutani. Alikuwa amelala.

Niliuchukua mkononi mwake kabla haujamwagika. Wa kwangu nilikuwa nimeshaumaliza, na tumbo bado linalia. Nikakaa karibu naye, nimeushika kwa mikono miwili, mpaka alipoamka.